Mwalimu Aliyetukataza Majina

Zahanati yenyewe siitaji, kwa sababu jengo halikunikosea kitu. Watu ndio nitawataja. Nzioka, muuguzi aliyekuwa msimamizi, ndiye alizima simu. Mulwa, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, ndiye alikuwa na ufunguo wa pili na akakaa nao kanisani. Hao wawili nimewataja soko la Muthetheni, nimewataja kwa chifu, nimewataja mbele ya mama mkwe wangu ambaye ni wa ukoo mmoja na Mulwa, na nitaendelea kuwataja. Mtu mmoja tu ndiye sitampa jina hapa, na isifikiriwe ni heshima. Yeye alitukataza majina miaka mitatu. Basi nimemwacha vile alivyopenda. Sisi tulimwita Mwalimu.

Hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa mama wa miaka kama sitini, mwembamba, wa kutembea haraka kama mtu aliyeacha sufuria kwa moto, na aliletwa na shirika fulani la mjini Machakos atufunze kusema. Kwa karatasi zao kazi hiyo ilikuwa na jina refu, ati utetezi wa mageuzi ya huduma za afya mashinani. Maana yake ilikuwa hivi: watu kumi na wawili wa kujitolea, wakulima na wachuuzi, tusimame siku moja mbele ya wakubwa wa kaunti tudai zahanati ifunguliwe siku zote saba na tuletewe wauguzi wawili zaidi. Hiyo tu. Alizaliwa wapi, bwana yake alikuwa nani, sikuuliza. Mtu anayekufunza kusema na yeye mwenyewe hajisemi, mimi humwangalia mikono, sio mdomo.

Na kwa mikono alikuwa na penseli. Watu wa afisi wote niliowahi kuona huandika na biro, huyu aliandika na penseli na akafuta. Unasema jambo, anaandika. Wiki ijayo unasema tena, anafuta, anaandika lingine. Mimi nilifika darasa la sita tu lakini najua maandishi ya kufutika ni ya nini.

"Mwalimu," nikamuuliza mbele ya watu, "mbona unatuandika na kitu cha kufutika?"

"Kwa sababu mnabadilisha, Mama Mwende. Juzi ulisema mlifika zahanati saa nne. Leo umesema saa tano kasoro."

"Kwani nilikuwa na saa? Nilikuwa na uchungu."

"Ndio maana naandika na penseli."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mambo yangu yalikuwa yameandikwa mara mbili kabla yake, mara moja hospitali na mara moja kwa chifu, kwa biro nyeusi, na yakapotea. Sembuse penseli.

Nitasema lililonipata mara moja tu, na nitalisema kwa urefu ule alionikatia yeye, ndio uone kazi yake. Ilikuwa hivi: "Ilikuwa Jumapili. Uchungu ulinishika asubuhi, tukafika zahanati watu wakiwa wanaingia kanisani. Zahanati ilikuwa imefungwa. Simu ya zahanati haikupatikana. Ufunguo wa pili haukuletwa. Nilijifungulia kwa baraza, juu ya leso mbili. Mtoto alikuwa msichana, alitoka na kitovu kimemzunguka shingo, na hapakuwa na mtu wa kumfungua anayejua. Damu yangu haikusimama. Nilipelekwa Machakos kwa pikapu iliyokuwa imebeba mbuzi, na huko wakanitoa kizazi ndio nikaishi. Naomba zahanati ifunguliwe Jumapili."

Ukisoma polepole ni dakika moja. Kabla yake nilikuwa nikiisema nusu saa, na mtu akiamka aende zake namfuata. Yeye alikaa na mimi wiki sita akikata. Akakata maneno ya mama mkwe. Akakata ndoto niliyoota usiku wa kuamkia siku ile. Akakata mbuzi, nikamrudisha, akamwacha. Lakini tazama kilichokosekana hapo. Zahanati ilikuwa imefungwa, simu haikupatikana, ufunguo haukuletwa. Kana kwamba kufuli ilijifunga yenyewe, simu ikajizima, ufunguo ukaamua kukaa kanisani.

"Mwalimu, hapa kwa simu kuna mtu."

"Kuna mtu, najua."

"Ana jina."

"Ana jina, na kaunti ina uhamisho. Ukimtaja watamhamisha, watakupigia makofi, na Jumapili nyingine mlango utafungwa na mtu mwingine."

"Wacha wamhamishe."

"Halafu?"

"Halafu nilale."

Alifungua daftari lake akafuta kitu, hata sikuona ni nini.

Mimi nilitaka jambo moja tu, na nililisema wazi ili asije kusema sikumwambia. Nilitaka Nzioka asimame mbele ya watu aseme siku ile alikuwa wapi. Sio pole, pole nilikuwa nazo gunia zima. Alikuwa wapi. Nilishamuuliza mara mbili, na mara zote mbili aliniambia nipitie kwa kamati, na kamati ni Mulwa.

Kuna siku nilimwona Mwalimu akisimama na Nzioka kwa lango la zahanati. Amemshika mkono kwa mikono yake miwili, anamwita mwanangu. Nikarudi nyuma ya ua nikamwita Syokau, rafiki yangu anayeuza mboga, ambaye alikuwa nami kwa baraza siku ile na alikuwa mmoja wetu kati ya wale kumi na wawili. Syokau ana macho ya mbali.

"Unaona mkono ule?"

"Naona," Syokau akasema. "Huo si mkono wa salamu. Huo ni wa mtu wa kwao."

Mkutano uliofuata nikamweleza uso kwa uso nilichoona. Akasema, "Namsalimia kila mtu mwenye ufunguo." Ndivyo alivyokuwa akijibu, jibu fupi ambalo ukilala nalo linaota vichwa viwili.

Alikuwa na mengine. Hakula chakula chetu. Tulikuwa tukipika isyo katika ukumbi wa kanisa, mahindi na maharagwe yetu wenyewe, yeye anatoa thamosi ya maji moto na kikombe chake. Tulibishana sana juu ya hiyo thamosi. Mimi nikasema anaogopa kuwekewa kitu. Syokau akasema hapana, ametuona tukiosha vyombo. Mzee Kilonzo, aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri na mgonjwa wa presha, akasema labda ana vidonda vya tumbo, tumwache mtoto wa watu. Hakuna aliyemuuliza. Mpaka leo sijui.

Alikataza neno serikali. Ukisema serikali haitujali, anakusimamisha. "Serikali haina masikio. Sema ni afisi gani, ni dawa gani, ni siku gani." Sasa niambie: anataka afisi kwa jina, dawa kwa jina, siku kwa jina, ila mtu asiwe na jina. Mtu wa darasa la sita anaona hilo shimo. Nilipomwonyesha akasema, "Ni kweli, kuna shimo," akaendelea kufundisha.

Nakuja kwa habari ya Syokimau, kule karibu na Nairobi. Mimi huwa napelekea mama mmoja huko mbaazi msimu ukifika, katika zile nyumba za mageti. Siku hiyo nimeshuka na gunia langu nikamwona Mwalimu akitoka hospitali ya kulipia, ya vioo, ameshikwa mkono na binti aliyevaa vizuri, bahasha ya dawa kwapani. Sikumwita. Nilibeba hiyo picha mpaka Jumanne ya mkutano.

"Mwalimu, wewe hutibiwa wapi?"

Kila mtu alijua nimekuja na kitu.

"Syokimau. Kwa kadi ya bima ya binti yangu."

"Na sisi unatufunza kupigania zahanati."

"Ndiyo."

"Huoni aibu?"

"Naona. Ndio maana hakuna siku nimewafunza kuongea juu yangu."

Mzee Kilonzo akasema, haya, amejibu, tuendelee. Wengine hata walimpenda zaidi siku hiyo. Mimi nimeishi na watu wa kuficha. Najua mtu anayekubali kosa dogo upesi hivyo mara nyingi amesimama mbele ya kubwa lisionekane. Nikaendelea kuchunguza.

Kwa kazi, siwezi kumsingizia. Alitufanya tukae nje ya lango la zahanati wiki nzima, wawili wawili, na daftari la shule. Usimzuie mtu, usimshauri, andika tu: amekuja saa ngapi, amekuta nini, ameenda wapi. Jua letu unalijua. Siku yangu na Syokau, Mulwa akapita na wilbaro, akarudi, akapita tena.

"Mnaandika nini, akina mama? Mnaandika jua?"

"Tunaandika wewe, mwenyekiti," Syokau akamwambia. "Hii ni safari ya tatu, na mifuko haipungui."

Alikuwa akitoa simiti yake kwa chumba cha kujifungulia. Chumba kile ambacho tuliambiwa miaka yote hakina kitanda, ndicho kilikuwa stoo ya mwenyekiti. Tukaandika. Jioni Mwalimu akasoma daftari, akachukua penseli, akakata jina la Mulwa.

"Andika: chumba cha kujifungulia kilikuwa na simiti."

"Na simiti ilitembea yenyewe?" Syokau akauliza.

"Andika simiti."

"Basi niandike na wilbaro haikuwa na mtu."

Mwalimu alicheka. Nilimwona akicheka mara mbili maisha yangu, na hiyo ni moja. Lakini jina hakulirudisha.

Jambo lililotuharibia kila kitu lilianzia shambani kwa Mzee Kilonzo. Tulikuwa tumeenda mwethya kwake, kumchimbia mitaro ya kuzuia maji kabla ya mvua. Kwetu mwethya ni kazi ya pamoja, leo kwako, kesho kwangu. Mwenye shamba anapima kwa fimbo, kila mtu anapewa kipande chake, mnaanza pamoja. Mwalimu akatukuta hapo, akasimama juu ya mtaro na mwavuli wake karibu saa nzima. Kikamba chake ni cha mjini, chepesi, lakini ni Mkamba. Tulipopumzika akasema, "Hivi ndivyo mtasema siku ya kikao. Kila mtu kipande chake. Hakuna kuingia cha mwenzake."

Tukafurahi, kwa sababu hiyo tulielewa kuliko mambo yote aliyotufunza. Akagawa. Mzee Kilonzo, dawa za presha zisizopatikana. Mimi, Jumapili. Syokau, daftari la lango. Waliobaki wakapewa chumba cha kujifungulia, wauguzi wawili, maji na choo.

Kitu hakukisema, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu nani angefikiria kuna mtu hajui? Fimbo ni ya kuanzia tu. Mwethya hauishi hivyo. Ukimaliza chako na mwenzako amepata jiwe au shina, husimami ukamtazama. Hiyo ni aibu kubwa, utasemwa mpaka kwa watoto wako. Unaingia kwa kipande chake na jembe lako, na mwingine anaingia, na mwingine, mpaka lile jiwe litoke. Hata ambaye hajamaliza chake anakiacha. Chakula hakiliwi mtu mmoja akiwa bado mtaroni.

Siku ya kikao tulienda na nguo za kanisa. Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa mheshimiwa wetu na mkubwa wa afya kutoka kaunti, mwanamume wa miwani, mwenye biro. Mulwa alikuwa pale karibu nao, yeye ndiye anakaribisha watu. Na mstari wa tatu alikaa Nzioka, sweta ya buluu, simu mkononi. Imewaka, anaigusagusa kwa kidole.

Mzee Kilonzo alianza, akasema ya dawa vizuri kabisa, akakaa. Nikasimama. Ilikuwa Jumapili. Uchungu ulinishika asubuhi. Nilikuwa nayo yote kichwani kama Baba Yetu. Nikafika pa simu. Nikaona ile simu kwa mkono wake, na mdomo ukakataa kusema haikupatikana.

"Nzioka alizima simu," nikasema. "Yule pale, wa sweta. Na Mulwa yule anayewakaribisha alikuwa na ufunguo."

Halafu nikakwama. Sio kulia, sikulia. Maneno yaliisha tu, nikabaki nimesimama na mikono imening'inia, na ukumbi mzima unaningoja.

Hapo ndipo Syokau alipoinuka, na haikuwa zamu yake. "Ni kweli. Ni Nzioka. Mimi ndiye nilimshika huyu magoti kwa baraza, nikampigia Nzioka simu mpaka chaji ikaisha." Akiwa bado anasema, Mzee Kilonzo akasimama tena. "Nzioka huyo huyo." Kisha yule wa chumba cha kujifungulia. Kisha yule wa wauguzi wawili, akaacha wauguzi wake, akasema alivyowahi kukuta mlango umefungwa na Nzioka. Mmoja baada ya mwingine, wenzangu wote kumi na mmoja wakaacha vipande vyao wakaingia kwangu. Daftari la lango lilibaki kwa kikapu cha Syokau, limefunikwa na leso. Hakuna aliyesema wauguzi wawili. Hakuna aliyesema siku saba. Mimi mwenyewe sikufika pale pa kusema naomba.

Mkubwa wa miwani aliandika kitu kimoja na biro, akakipigia mstari chini. Mheshimiwa akasimama, akasema jambo hili litachukuliwa hatua, watu wakapiga makofi. Nzioka alikuwa ametoka kwa mlango wa kando. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi siku ile.

Nilimtafuta Mwalimu kwa macho. Alikuwa nyuma kabisa, amekaa wima. Nilitegemea anigombeze, na nilikuwa na majibu. Nje akatukusanya kwa kivuli cha ukuta.

"Kosa ni langu," akasema. "Niliwapa mfano wa mwethya nikaangalia unavyoanza. Sikungoja kuona unavyoisha."

Wenzangu wakamhurumia. Mimi nikaenda nyumbani na swali: Mkamba gani hajui mwethya unavyoisha? Hata wa mjini. Ama alijua, akaacha yatokee, ili shirika lake liwe na habari ya kuandika, ama hakujua kweli, na kwa miaka mitatu tulikuwa tumefuata mtu asiyetujua. Nimepima hayo mawili mara nyingi na yote ni mabaya.

Nzioka alihamishwa kabla mvua haijaisha, upande wa Kathiani. Walituletea msichana mmoja, mpole, peke yake. Jumapili anafunga, kwani yeye ni chuma? Mulwa bado ni mwenyekiti, amekaa na simiti yake kama kawaida. Watu wakanipongeza sokoni. Baba Mwende, bwana yangu, aliyekuwa kiwandani Athi River, akaja mwisho wa mwezi akanikuta nimekaa kitandani, macho wazi.

"Si ulitaka atajwe? Ametajwa."

"Ametajwa, ndiyo."

"Sasa?"

Sikuwa na sasa. Mwalimu alikuwa ameliona hilo mapema na mimi nilimchukia kwa kuliona.

Kazi ya shirika iliisha, Mwalimu akaacha kuja. Kati ya kumi na wawili tulibaki watano, wa kukutana na kulalamika. Mwaka ukapita na kidogo. Kisha siku moja nikiwa napeta mbaazi, simu ikalia. Alikuwa Mwalimu.

"Mama Mwende, kuja Kathiani Alhamisi. Nataka unisaidie kufunza mtu."

"Nani?"

"Ukijua hutakuja."

"Basi siji."

"Ni Nzioka."

Nilikata simu. Alhamisi nikaenda. Usiniulize ni upole gani. Nilitaka kuona huyu mwanamke anaweza kufika wapi.

Walikuwa katika chumba nyuma ya kanisa, meza moja na viti vya plastiki. Mwalimu alikuwa amekonda zaidi, na mikono, ile niliyozoea kuiangalia, ilikuwa imebaki mifupa. Nzioka alisimama nilipoingia. Nywele zimekuwa za majivu pande zote mbili.

"Habari yako, mwaitu."

"Mimi sio mama yako. Kaa."

Akakaa. Mwalimu hakuzunguka. Kaunti ingesikiza watu tena mwezi uliofuata, akasema, juu ya zahanati zote, yetu na hii ya Kathiani. Wananchi walishasema mlango umefungwa. Hakuna muuguzi hata mmoja aliyewahi kusimama aseme kutoka ndani kwa nini unafungwa, vile mtu mmoja anaachiwa zahanati nzima bila wa kumpokea. Yeye mwenyewe, bila shirika, ameuliza wauguzi wengi. Wote wanaogopa kutajwa.

"Huyu haogopi," akasema. "Huyu ameshatajwa."

Nikamwangalia mpaka akaacha kuniangalia. "Kwa hivyo uliniweka kwa hii tangu mwanzo. Ulijua nitamtaja, ukanikataza ili nimtaje vizuri."

"Sikujua. Nilikukataza na ukakataa. Sasa natumia kilichobaki."

"Na nikisema hapana?"

"Ni hapana. Hasimami. Ndio nimekuita wewe, sijaita Mulwa."

Sikumwamini, na bado simwamini yote. Lakini nilijua hesabu yenyewe. Nikisema hapana, nabaki na chuki yangu, safi, na yule msichana anaendelea kufunga Jumapili. Nikisema ndiyo, Nzioka anaenda kusimama mbele ya watu akiwa mtu wa kuonewa huruma, siku zake ngumu, usingizi wake, na baraza langu linakuwa kitu kidogo pembeni ya habari yake.

Nikageukia Nzioka. "Siku ile ulikuwa wapi?"

Akamtazama Mwalimu.

"Usiniangalie mimi," Mwalimu akasema.

"Nyumbani," Nzioka akasema. "Nilikuwa nimelala. Nilikuwa nimefanya siku kumi na tisa mfululizo, nikasema Jumapili moja tu, nizime."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimempeleka kila mahali kichwani mwangu, harusini, kwa pombe, kwa mwanamke. Kulala sikuwa nimefikiria. Nilikaa nalo. Nje watoto wa shule walikuwa wakipita wakiimba kitu.

"Hizo siku kumi na tisa," nikamwambia, "ziweke nyuma. Watu watazisikia, sijasema wasizisikie. Lakini hutaanza nazo. Utaanza na simu."

"Mama Mwende," Mwalimu akasema polepole, "na jina?"

"Lake mwenyewe, kwa mdomo wake. La Mulwa nitalisema mimi, na hakuna atakayelikata."

Alifikiri. Nikaona vile alivyotaka kubisha, na vile alivyoacha. "Sawa," akasema. Akasukuma kiti chake ukutani, akaniachia ile nafasi ya mbele.

Nzioka akasimama, mikono nyuma kama mtoto wa paredi. "Kwa majina naitwa Nzioka, ni muuguzi. Jumapili moja nilizima simu. Mama mmoja akajifungulia kwa baraza..."

"Mama mmoja nani?"

"Mama Mwende. Akajifungulia kwa baraza, na mtoto wake, msichana, akafa. Mlango ulikuwa umefungwa na mimi."

Akatutazama, akingoja aambiwe kama inatosha. Mwalimu akanitazama mimi. Mimi nilikuwa nimesikia vizuri kwamba alipofika pa simu aliteremsha sauti, na ukumbi wa kaunti ni mkubwa, wa nyuma hawangesikia. Nikamwambia asimame wima, aanze tena.